Tundu la Kupumulia

Mmening'ang'ania kama kupe mkitaka habari za Bozena Hruska, na mnajua mkono wangu si wa kalamu. Haya, shikeni. Na asinisahihishe mtu.

Bozena alikuwa mshona makoti hapa Cleveland. Akaolewa na Vendelin, aliyekuwa akiunda ndege ya mashindano bandani nyuma ya nyumba. Miaka ile kila fundi wa mtaa wetu alitaka kurusha ndege yake chini chini kuzunguka minara ya mashindano mbele ya umati. Ndege yenyewe ilikuwa nyekundu, fupi, pua yote injini, mabawa kama ubao wa kupigia pasi. Bozena aliyavisha mabawa kitambaa, akayapaka dawa ya kukikaza. Kuziba nyufa kwa utepe alifanya Vendelin mwenyewe. "Upepo ukipata pa kushika, umetuvuta shati," alizoea kusema.

Asubuhi ya mashindano Bozena alimkuta akisugua nta mgongoni mwa ndege. Akatafuta kwa kidole tundu la kupumulia la tangi la petroli. Halikuwepo. Utepe ulipita juu yake, umepakwa rangi, laini kama ganda la yai.

"Wee mwanamume, petroli itashukaje bila hewa kuingia?"

"Hewa inapita kwenye mfuniko, mama."

"Mfuniko nao si umeuziba?"

Vendelin akacheka. "Sikuuziba. Au niliuziba? Ah, acha kunihesabia matundu, unanitia mkosi. Nenda jukwaani kakae na wenzako mle kabichi."

"Toboa hata kwa sindano. Hii hapa."

"Nikiishinda ile ndege ya bluu inayoshinda kila mwaka, nitakutobolea ndege nzima."

Wakaisukuma mstarini. Bozena akaifuata na sindano yake mpaka mlinzi akamshika mkono. Bendera ikashuka.

Mzunguko wa kwanza Vendelin alikuwa mbele, umati mzima umesimama unapiga kelele. Bozena alikaa, anasikiliza. Kwenye mnara wa mbali injini moja ikakohoa. Ikakohoa tena. Aliijua kama anavyozijua hatua za mumewe ngazini. Halafu ikanyamaza, na ndege ikiwa chini vile, mtu hapati nafasi ya kuchagua pa kutua.

Walimrudisha amefunikwa shuka. Magazeti yakasema ni injini.

Tangu hapo Bozena hafungi dirisha, hata theluji ikimwingilia mpaka kitandani. Watu wanamwita kichaa. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumwita hivyo.

Sasa wewe uliyetaka habari kuliko wenzako: makaa yake ya kuotea moto yako uani, na mgongo wangu umegoma. Yabebe umwingizie ndani. Na ole wako uguse dirisha.