Franga ya Tundu Niliyoitia mu Kitunga cha Sadaka

Bwana Yesu asifiwe, wandugu wote wa ukurasa huu. Mumeamka namna gani? Afya iko? Na watoto? Sisi huku milima ya Masisi tunamushukuru Mungu, maharagi imetoka vizuri. Wewe mwenye kupokea barua hizi, tafazali ficha jina langu kabisa, sababu kanisani kwetu kila mutu iko na telefone.

Niko mama wa miaka makumi ine na tisa, tunakaa karibu na Kingi. Niko na watoto sita na miaka makumi mbili na saba ya ndoa. Bwana wangu hanywi pombe, hajanipiga hata siku moja. Ana kilema kimoja tu: kukusanya franga za zamani, zile za chuma zenye haziwezi tena kununua hata chumvi.

Wakati alinioa alikuwa anaokota yoyote yenye kung’aa. Nilimupatia kopo ya maziwa ya kuziweka, na alikuwa anaitikisa kwa sikio langu: “Sikia, wewe njo bibi wa tajiri!” Nilikuwa nacheka. Kisha akachoka na kung’aa, akataka za wakati wa Wabeleji tu, moja ya kila aina, bila pengo. Mwaka moja alibadilisha jogoo yetu ya Noeli na franga moja yenye tembo na kona sita. Noeli ile tulikula sombe, majani ya muhogo tu. Nilinung’unika, lakini wivu sikuwa nao. Chuma haina mudomo.

Wivu ilikuja wakati alibadilika mara ya tatu. Alinunua kaye ya kuandikia, akaniambia, “Mama, sitafuti tena franga. Natafuta watu wenye waliibeba.” Sasa akileta franga anaiweka chini ya karatasi, anapitisha krayo ya kuandika juu polepole mpaka sura yake inatokea, halafu anaandika habari ya mwenyewe: alizaliwa wapi, alikimbia vita mara ngapi, aliificha fasi gani.

Hapo njo aliingia mujane moja wa Sake. Nitamuita Mama Sifa. Ni mutu wa Buleusa, kule Walikale, alikimbia vita na binti yake. Bwana wangu alirudi kutoka kwake na franga ya tundu katikati, nyota inazunguka tundu, na tangu ile siku chakula haikupita bila jina lile. Mama Sifa alisema hivi. Mama Sifa alicheka vile. Ule mama anajua kueleza!

Nikamuambia, “Basi akupikie na bugali.”

Akacheka. “Mama, wivu ya nini? Ule iko mukubwa kuliko dada yako.”

“Dada yangu bado anatembea na miguu yake!”

Siku alienda shamba, nilifungua kaye. Nilifika darasa ya sita primere, kusoma najua. Fundi wa baiskeli iko na ukurasa. Muzee wa kinu iko na ukurasa. Mama Sifa iko na kurasa tatu. Nilitafuta jina langu toka mwanzo mpaka mwisho, nikarudia tena na kidole. Sikuwamo. Mimi mwenye kushona mifuko ya suruali zake zenye zilitobolewa na chuma, hata mustari moja!

Siku ya Mungu iliyofuata, yeye alikuwa ameenda kwenye matanga. Nilikamata ile franga ya Mama Sifa nikaenda nayo kanisani. Nilijiambia kitu yenye unampatia Mungu haiko wizi. Kitunga kilipopita niliitia, nikafunga macho kama mwenye kuomba. Wandugu, nilisikia raha. Mungu anisamehe.

Kisha mushemasi akaiinua juu. “Nani amemutolea Mungu franga ya kufa? Hata tundu iko nayo! Mungu aivae shingoni?” Kanisa yote ikacheka. Mimi kiongozi wa wamama nikacheka kupita wote. Akasema, “Mwenye aliitia akuje kuikamata hapa mbele. Bila hivyo itakaa kwangu.”

Bwana wangu aliporudi aligeuza nyumba yote, mpaka magunia ya maharagi. Halafu akakaa chini, mikono kwa kichwa. “Mama, ile haikuwa yangu. Niliiazima. Zote za ile kaye naazima, naandika, narudisha.” Kumbe mu jamaa ya Mama Sifa franga ile inafungwa kwa kiuno ya kila mutoto mwenye kuzaliwa, mpaka siku anatembea. Ilikuwa ya nyanya yake. Alikimbia nayo kutoka Buleusa, imeshonwa mu pindo ya kitenge. Na binti yake iko karibu kuzaa. Bwana wangu alikamata mikono yangu, akaomba Mungu atuonyeshe fasi iko. Mimi nikasema Amina.

Hata vile wivu haikuninyamazisha. Nikamuuliza, “Na mimi, juu ya nini siko mu kaye yako?”

Akanishangaa. “Wewe? Wewe haukunipatia franga. Wewe njo ulinipatia kopo.”

Mpaka leo nageuza lile neno kichwani. Sijui kama ni sifa ao ni muchezo.

Jana Mama Sifa ametuma salamu: “Muambie bibi yako akuje kuona mutoto akizaliwa.” Hajui kama franga imepotea. Nikisimama mbele ya kanisa, wamama watanionaje, na bwana wangu atajua niliitika Amina na uongo kwa kinywa. Nikinyamaza, mutoto atazaliwa na kiuno kitupu. Na niseme ukweli yote: nikikumbuka zile kurasa tatu, moyo bado unaniuma kama jino.

Mungu nimekwisha kumuomba. Sasa nawauliza nyinyi wenye mumeolewa na wenye mumeoa: nisimame, ao nianzie kwa bwana wangu? Tafazali munijibu upesi, mbele Siku ya Mungu haijafika. Ule binti anaweza kuzaa saa yoyote.