Kalamu ya Mtahini

Miaka kumi na tisa alikaa mlinzi wa geti pale kwenye kiwanda cha mikate, na katika miaka yote hiyo hakuna gari lililotoka bila yeye kulitilia shaka. Awe meneja, awe daktari aliyekuja kumwona mgonjwa, neno lilikuwa moja: fungua buti. Ndilo likawa jina lake. Hata mkewe akimpigia simu kiwandani alikuwa anamuulizia Fungua Buti, la sivyo hakuna aliyemwelewa. Naye alikuwa na siri yake ya kazi. Mtu usimwangalie usoni, alikuwa akisema, uso umezoea kudanganya. Mwangalie mikono.

Sasa geti limewekewa mtambo unaolifungua na kulifunga, na mtambo, jamani, hauumwi wala hauombi likizo. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kuna nafasi ya dereva wa gari la mikate, iko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Akileta leseni anapewa funguo, asipoleta ndiyo kwaheri. Tatizo ni kwamba mtihani wa barabarani alishaufeli mara mbili, na kabla ya mwezi kuisha ilibaki nafasi moja tu ya kuurudia.

Ukimuuliza alifelije, tafuta kiti ukae. Mara ya kwanza, anasema, walimchezea kioo. Mwenzake aliyetangulia, mtu mrefu kupindukia, alishuka, yeye akapanda na kuondoka hivyo hivyo huku kioo kinamwonyesha dari la gari. Nani alikigeuza? Kwamba ukiingia kwenye gari unarekebisha kwanza kiti na vioo ndipo uguse ufunguo, hilo mwalimu wake alimwimbia mpaka sauti ikamkauka. Yeye alishaamua ni njama.

Ya pili ndiyo iliyomkaa kooni. Gari la mtihani lina breki mbili, moja ya dereva, nyingine miguuni kwa mtahini. Na yule mtahini, bwana mmoja mkavu mwenye kalamu nyekundu, alimkanyagia breki. Walikuwa wanaingia njia panda, barabara tupu, hakuna hata paka, mara gari likasimama ghafla mpaka paji la uso likakaribia usukani. Mtihani ukaishia hapo. Karatasi ya matokeo aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti bila kuisoma. Asome nini? Uongo wa watu?

Siku moja kabla ya jaribio la tatu, binti yake alilichukua lile koti alipige pasi, akaikuta karatasi. Akaisoma kimya, kisha akamuuliza baba yake kama ameisoma. Mzee akajibu kwamba hasomi maandishi ya watu wenye lao jambo. Binti akamsomea hivyo hivyo, polepole.

"Baiskeli ilikuwa mbele yetu. Mtahiniwa hakuiona. Alikuwa anaitazama kalamu yangu."

Fungua Buti alifoka. Baiskeli gani? Wameibuni! Lakini jambo moja pale lilikuwa kweli tupu na yeye alilijua. Kalamu aliitazama. Tangu walipoondoka mpaka ile breki, macho yake hayakubanduka kwenye mkono wa yule bwana.

Asubuhi akakuta mtahini ni yule yule. Kiti kimesukumwa nyuma, kioo kimegeuzwa pembeni. Wameanza, akasema moyoni. Hata hivyo akavuta kiti, akakiweka kioo sawa, akafunga mkanda, akageuza kichwa kizima kutazama nyuma juu ya bega la kulia, kwa maana mwalimu alishamwambia kwamba ukitazama kwa kona ya jicho tu, mtahini hatajua kama umetazama. Akawasha indiketa, akaondoka taratibu.

Kalamu ikaanza kukwaruza. Hapo ndipo pagumu. Kila alipobadilisha gia, inakwaruza. Kwenye alama ya simama alisimama magurudumu yakatulia kabisa, nayo ikakwaruza. Anaandika nini huyu? Shingo ilimvuta kama ina kamba. Walipofika ile njia panda kalamu ikaenda mfululizo, mstari mzima, na jasho likamtoka Fungua Buti kwa hasira na kwa hofu. Hakugeuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudia kulia, akaikagua ile barabara tupu kama anavyokagua buti. Kisha akapita.

Waliporudi kwenye uwanja wa mtihani akazima gari. Mtahini akatia sahihi, akamwambia amefaulu. Fungua Buti hakushukuru. Aliuliza ameandika nini pale njia panda.

"Nimeandika kwamba umetazama, mzee."

Akaipokea karatasi. Safari hii aliisoma yote, pale pale kwenye kiti, na ilikuwa hivyo kweli. Leseni aliyoililia alikuwa nayo, funguo za gari la mikate zilikuwa zake, lakini hakushuka.

"Ile baiskeli," akasema hatimaye. "Ilikuwepo?"

Mtahini akafunika kalamu yake.

"Ilikuwepo. Mama mmoja, na mtoto mgongoni."

Fungua Buti hakumtazama uso wala mikono. Aliitazama mikono yake mwenyewe, bado imeshika usukani, kama ya mtu aliyesimamishwa getini.