Mwonyesha Ndege wa Jipe Asiyewasikia Tena

Jua halijachungulia juu ya Ziwa Jipe, na Fanuel Mwandawiro tayari amesimama nyuma ya mtumbwi, akiusukuma kwa upondo katikati ya matete. Mbele wameketi wageni wawili Wazungu kutoka Nairobi, mume na mke, darubini shingoni. Katikati, miguu ameikunja juu ya gunia, yumo mkewe Fanuel, Jedidah Wakio.

Yule mama wa Kizungu anainua kidole. "Nani nalia huko?" ananong'ona.

Fanuel hajasikia kilio, wala swali. Jedidah anamgusa goti, kisha anaelekeza kidevu kushoto. Macho ya Fanuel yanatembea polepole juu ya maji.

"Mdiria, mama. Yule mdogo wa buluu, kwenye tete lililopinda."

Mgeni anamwona. Anajiziba mdomo kwa furaha.

Huu ni mwaka wa nane Fanuel, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, akiwaonyesha wageni ndege wa hifadhi hii: wa maji wazi, wa kinamasi, na wale wa nyika ya miiba inayoanzia ufukweni. Anawajua zaidi ya aina mia mbili, na wengi aliwajua kwa sauti kwanza.

Mwaka 1954 homa ilimlaza wiki tano. Alikunywa kwinini mpaka masikio yakavuma. Alipoinuka, sauti nene zilikuwapo bado, za kiboko na za lori. Zile nyembamba zilikuwa zimekwenda.

"Nilitoka nje nikadhani ndege wamehama," anasema. "Nikamuuliza mke wangu huyu, Mama Lois, mbona leo ziwa limenyamaza? Akanitazama tu. Nikajua ni mimi."

Alificha jambo hilo miaka miwili, akibahatisha. Mwaka jana mgeni mmoja, mjuzi wa ndege, alimsikiliza akitaja jina lisilo la ndege aliyelia, mara tatu asubuhi moja, akaenda kulalamika. Mkuu wa hifadhi akaamua Fanuel ahamie getini, awe akifungua na kufunga.

Siku hiyo Jedidah aliacha mkeka aliokuwa akiusuka, akaenda ofisini mwenyewe.

"Nilimwambia, bwana, huyu macho yake hayana kasoro. Masikio nitaleta mimi."

Mkuu alicheka, kisha akawapa miezi sita ya kujaribu.

Wakati huo Jedidah aliwajua kuku na wale wanaokula mahindi, basi. Kila jioni Fanuel alimpigia mluzi wa ndege mmoja kutoka kumbukumbu yake, na asubuhi Jedidah alikwenda kumtafuta kwenye matete.

"Ni mwalimu mkali," anasema Jedidah. "Nikimwambia nimesikia, anauliza: inapanda au inashuka? Inakatika wapi? Siku nyingine nililia."

Wiki iliyopita miezi sita ilitimia. Mkuu alipanda mtumbwi pamoja nao. Kesho yake jina la Jedidah liliandikwa kwenye orodha ya wafanyakazi.

Fanuel ameshukuru. Lakini wageni walipokwisha kuondoka, mwandishi huyu alipomuuliza ni ndege gani anamkosa zaidi, hakutaja hata mmoja wa ziwani.

"Kwetu Werugha, kule juu milimani, kuna mmoja," alisema. "Mdomo wake kama chungwa bivu. Anachakura majani makavu chini ya miti, kwenye ukungu. Nilikuwa namsikia nikienda kuni na marehemu mama. Huku chini hayupo. Miaka mingi nilijiambia nitakwenda, nitakwenda."

Desemba watapanda Werugha kwa Krismasi. Fanuel amekusudia kuingia msituni alfajiri, akae chini, angoje.

"Pengine akiimba karibu, karibu kabisa, kitanifikia hata kipande."

Na Jedidah? Fanuel alimtazama mkewe, aliyekuwa akikung'uta gunia lake ufukweni.

"Huyo simchukui," alisema taratibu. "Siku hiyo nataka kusikiliza mwenyewe."