Korongo Alilokatazwa Verlyn

Mtaalamu wa kulungu alifika kwa Verlyn Hauge mwezi wa Februari, theluji ikiwa magotini, na gari lake lilikuwa safi kiasi cha kunitia kinyongo. Mimi naitwa Merle. Shamba langu limepakana na la Verlyn kwa waya mmoja mkuukuu, na huku magharibi ya Wisconsin mtu anayemlipa mgeni aje kumfundisha kuishi na kulungu atasimangwa mpaka siku ya kuzikwa. Kazi hiyo niliianza asubuhi ileile.

"Nasikia umeajiri mtu wa kuwatandikia kulungu vitanda," nilimwambia pale kwenye waya.

"Ndiyo."

"Na kahawa je, atawapelekea yeye au wewe?"

"Nyamaza, Merle. Kama hakuna kulungu, Curt haji."

Curt ni mwanawe wa pekee, anafanya kazi Arizona. Tangu utotoni hakuwahi kukosa ile Jumamosi ya Novemba ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Alikuwa akifika Ijumaa jioni, tukicheza karata na kunywa brandi, na alfajiri Ardis, mke wa Verlyn, akituamsha kwa harufu ya nyama ya nguruwe kikaangoni. Ardis alipofariki, Curt alikuja mara moja tu. Alikaa juu ya mti kutwa nzima, akarudi hajafyatua hata risasi moja. Mwaka uliofuata akapiga simu: "Baba, huko kwako kulungu wamekwisha. Safari hii nitapumzika." Mwaka wa pili wake akasema vilevile.

Ni kweli walikuwa wamepungua, kwa hiyo Verlyn aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Huku kwetu mwanamume akiulizwa hali yake hujibu habari za kulungu, na aliyeuliza huridhika akaenda zake.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Brezinski, kijana mwembamba, mpole. Alilizunguka shamba zima, Verlyn nyuma yake, nami nyuma ya Verlyn kwa kuwa sikuwa na la kufanya nyumbani. Nilitamani sana awe mjinga. Hakuwa mjinga. Alituonyesha kwamba msitu umezeeka, majani yote yako juu asikofika kulungu, na chini kumebaki kweupe kama sakafu.

"Miti hii ikate, iache ilale hapohapo, jua liingie," alisema. "Vichaka vikiota watapata cha kula na pa kujificha."

Kisha akafika ukingoni mwa korongo na kusimama. Theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa njia ngumu, inateremka moja kwa moja hadi kwenye mwaloni mkubwa ulio chini.

"Nani anapita hapa?"

"Mimi na mbwa," Verlyn akasema.

"Mara nyingi?"

"Kila jioni."

Brezinski akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mzee, nikwambie ukweli? Shamba zima halina mahali pazuri kama hapa. Wangelala hapa wote. Anayewafukuza ni wewe. Korongo hili lifunge. Usiingie hata kama kofia yako imepeperukia humo."

Verlyn aliutazama mwaloni. Majivu ya mwili wa Ardis tuliyamwaga pale, nami nilikuwepo. Tangu siku hiyo alikuwa akiteremka kila jioni kumpa mkewe habari: bei ya maziwa, nani kalazwa, nani kauza ng'ombe. Nilingoja amweleze kijana wa watu. Lakini alisema tu, "Sawa," nasi tukarudi nyumbani kunywa kahawa.

Majira ya machipuko alikata miti kama alivyoelekezwa, na korongo hakulikanyaga tena. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Mbwa wake, Mitzi, alikuwa akikimbia mpaka mwanzo wa ile njia, akisimama na kugeuka kumtazama, halafu akirudi polepole. Iliniuma kuwaona. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Si uteremke tu, bwana? Nani atakuona?"

"Watanusa," alisema. "Kulungu hasahau."

Na kulungu walikuja, lazima niseme. Kufikia Septemba kamera aliyofunga ukingoni mwa korongo ilikuwa ikileta picha za majike na watoto wao, kisha za dume mmoja ambaye kwa pembe zake ningemwuza mama mkwe. Kila picha Verlyn alimtumia Curt. Curt alikuwa akimrudishia alama ya kidole gumba.

Ijumaa ya Novemba, mkesha wa msimu, alianika magodoro akimngoja Curt, akanunua brandi, akachoma chapati za maziwa za Ardis kwa majaribio na kuziunguza. Aliniomba nisije karata usiku huo. Alitaka wawe wao wawili kwanza.

Jumamosi kabla ya jua nilikuwa juu ya mti wangu, karibu na waya. Asubuhi hiyo huku kwetu hata kukohoa ni kosa. Milio ya kwanza ikasikika mbali, vilima vya pili. Halafu ghafla kulungu wakaanza kuruka waya kutoka kwa Verlyn, majike kwa watoto, na mwisho yule dume mwenyewe akapita chini ya miguu yangu. Nilinyanyua bunduki. Ndipo nikasikia sauti ya mtu anaongea, nikaishusha.

Alikuwa Verlyn, na fulana yake ya uwindaji ya rangi ya chungwa, bila bunduki, anateremka korongoni waziwazi akivunja matawi kama ng'ombe, Mitzi mbele. Nilishuka mtini, nikaruka waya, nikamfuata. Nilimkuta amekaa chini ya mwaloni.

"Curt yuko wapi?"

"Arizona. Alipiga simu jana usiku." Alikuwa akimpapasa mbwa masikio. "Nikamwambia mwanangu, wamejaa tele, picha umeziona. Halafu akasema, 'Baba, mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya kulungu. Nilikuwa nakuja kwa Mama. Sasa nikija tunakaa tu, hatuongei.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia kesho upepo utavuma kutoka kaskazini."

Nilikaa kando yake, nikatafuta neno la kumpa rafiki yangu wa miaka yote hiyo. Nikamwambia yule dume alikuwa na pembe za ajabu. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa mpaka baridi ikatushinda.

Februari Brezinski alirudi kukagua kazi yake, gari safi vilevile. Alisifu vichaka, akasifu miti ilivyolala. Kisha akafika ukingoni mwa korongo, akaona theluji iliyokanyagwa, nyayo za mtu na za mbwa, mpaka kwenye mwaloni.

"Mzee, kuna mtu anapita humu kila siku," alisema. "Ukimpata, mkataze."

"Namjua," Verlyn akasema. "Hana pengine pa kwenda."