Kitanda cha Mama na Chumba cha Jadida

Wasomaji wenzangu, kwanza niwieni radhi kwa mwandiko wangu, maana skuli sikufika mbali na kalamu kwangu ni kama jembe, natia pigo moja napumzika, basi mkiona herufi zimelala ubavu ndivyo zinavyonitoka, na pakiwa na neno limekosewa lisomeni kama linavyopasa kuwa. Mimi si msemaji. Mbele za watu ulimi wangu huganda, na hiyo ndiyo asili ya aibu yote iliyonipata hapa Wete, mbele ya baraza, mbele ya msikiti, na mbele ya bwana mkubwa wa serikali. Ningalisema neno moja tu mapema, nisingalikuwa na la kuwaandikia leo.

Nieleze kwanza habari ya vyumba. Msimu ule karafuu zilikuwa nyingi na kupata chumba mjini kulikuwa kazi kuliko kupata mke. Wenye nyumba walikwisha kugundua kwamba chumba kikijaa magunia ya karafuu kinawaletea zaidi kuliko kikijaa watu, tena karafuu hazipiki, hazizai wala hazigombani usiku. (Paa letu mama alilililia tangu mimi mdogo, halikuguswa, lakini siku mwenye nyumba alipoamua chumba kiwe ghala liliezekwa upya kabla jua halijazama, maana karafuu zikirowa zinaharibika, na mama akirowa anakauka.) Kodi nayo ikawa inapanda kama mchumaji juu ya mkarafuu, tawi kwa tawi, ila mchumaji jioni hushuka.

Wazee walikwenda kwa bwana mkubwa wa serikali, jina lake nalisitiri kwa sababu ni mtu mwema. Akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jambo hili linaangaliwa." Wakaenda tena. "Linaangaliwa." Mpaka ikawa mjini ukimuuliza mtu wali umeiva, anakujibu unaangaliwa.

Basi sisi tukaambiwa tuhame. Mtaa wa Jadida palikuwa na chumba kimoja kwa Bi Zuwena, mwanamke mwadilifu, na watu waliokitaka walikuwa wengi na kila mmoja akimpandia mwenzake kodi, mpaka Bi Zuwena akachoka akasimama mlangoni akasema, "Mimi chumba changu sikinadi kama papa sokoni. Kesho atakayetangulia kuingiza kitanda, chumba chake. Si mkeka, si mto. Kitanda." Aliyekitaka kutushinda sisi alikuwa karani mmoja kijana, mtu wa Wawi, aliyeletwa Wete kupima karafuu na hana ndugu hapa.

Asubuhi mama alitangulia Jadida na ufagio wake na kuku wake mkononi, akaniambia, "Mwanangu, lete kitanda upesi, wala usisimame njiani kuamkiana na watu." Magari ya ng'ombe yote yalikuwa yamekodiwa kwa karafuu, basi nikamwita Faki, mtoto wa mjomba wangu, mtu wa kucheka kila jambo, na vijana wawili wa Kisiwa Panza waliokuja kutafuta kazi ya kuchuma. Ili tusiende safari mbili tukapanga vyombo vyote juu ya kitanda, godoro la usufi tukalikunja kwa urefu, kinu tukakilaza juu yake, sufuria, birika, mbuzi ya kukunia nazi, tukafunga kamba.

Hapo ndipo nilipotazama nikaona haya. Godoro lina madoa ya miaka yote, sufuria moja imezibwa tundu kwa kitambaa, na njia yetu inapita mbele ya mabaraza yote ya mji. Nikatafuta kitu cha kufunikia, na kizima tulichokuwa nacho ni pazia moja la kijani. Nikalitandaza juu ya vyombo, nikachomeka pembe zake vizuri. Faki akarudi nyuma akatazama, akasema, "Yakhe, sasa mambo yamependeza." Hakuona alilolitazama, nami sikuona.

Tukakitia mabegani tukatoka. Kitanda kizito, kwa hiyo hakuna aliyesema neno, na tuna haraka, kwa hiyo tulikwenda mbio mbio, vichwa chini.

Barazani kwa Mzee Hamadi, muuza kahawa, wazee walikuwa wakibishana habari hizo hizo za kodi. Tulipokaribia wakasimama wote kwa pamoja, nikasikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mimi nikadhani wameletewa habari ya msiba, nikasema moyoni maskini, nani huyo. Mzee Hamadi akaweka chini buli lake, akaiweka sawa kofia, akaja akatia bega lake karibu na langu. Nikashukuru, nikaona mzee huyu ana huruma.

"Nipishe mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "nami nipate thawabu."

Thawabu ya kuchukua kitanda? Nikageuka nikalitazama lile pazia la kijani, na kile kinu kilivyolala chini yake kwa urefu, nikaliona jeneza waliloliona wao.

Nyinyi mnajua jeneza halikai begani mwa mtu mmoja. Kila mtu anataka hatua zake chache, anaingia huyu anatoka yule, na kabla hatujapinda kona mimi nilikuwa nje kabisa. Kitanda cha mama yangu mzazi, nami sina pa kutia hata kidole! Wale vijana wa Panza walipopokelewa wakafurahi mno. Mmoja akasema, "Watu wa Wete wana imani! Kwetu ukihama unahama na nduguzo tu," wakaenda zao kutafuta dafu. Akabaki Faki, na Faki alikwisha kufahamu. Aliuficha uso ndani ya mkono wa kanzu, mabega yanamtetemeka kwa kicheko, na mzee mmoja akamkumbatia akamwambia, "Vumilia kijana, ndiyo njia yetu sote." Hapo ndipo alipozidi.

"Ni nani aliyefariki?" Mzee Hamadi akaniuliza.

Nikafumbua kinywa. Maneno hayakuja, yakaja machozi, machozi ya haya, wallahi si ya kitu kingine.

"Mwacheni," akawaambia wenzake, "uchungu umemkaba."

Mmoja chini ya kitanda akasema, "Mzito." Mwingine akamjibu, "Mzito kweli, lakini tusimseme maiti." Alikuwa kinu.

Tukapita mbele ya ofisi ya serikali, na siku zile za siasa kundi la watu barabarani halikuwa jambo dogo, bwana mkubwa akatoka upesi kuuliza mkutano huu una ruhusa ya nani. Alipoona pazia akaliacha swali lake, akashuka ngazi, akatia bega. Wasomaji, mimi nilikuwa nyuma yake na nimeyaona kwa macho yangu, lile jambo la nyumba aliloletewa ofisini mara ngapi, leo kalichukua mwenyewe na anatoka jasho.

Penye njia panda, njia ya Jadida ikawa upande huu na kundi likashika upande wa pili, wa msikitini. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Jamani..." Sauti ilitoka kama ya mbu, na watu wakaijibu kwa "La ilaha illa Llah."

Wakakitua uani kwa msikiti. Shehe akatoka, akauliza swali ambalo ni wajibu wake kuliuliza, maana lazima ajue asimame wapi na aombe dua gani.

"Mwanamme au mwanamke?"

Huyu akamtazama yule. "Mimi nimemkuta njiani," mmoja akasema. "Nami nimemkuta kwa Mzee Hamadi." Mzee Hamadi akanyosha kidole, na macho yote yakawa kwangu.

"Mwanangu, usiogope," Shehe akasema. "Ni nani huyu?"

"Shehe, ni kitanda."

"Kitanda nakiona. Aliye juu yake?"

"Godoro," nikasema. "Na kinu."

Faki akaanguka chini hapo hapo, akawa anapiga ardhi kwa viganja. Shehe akainua ncha ya pazia, ikatokeza mbuzi ya nazi na meno yake.

"Ina maana," akasema Mzee Hamadi pole pole, "njia nzima nakiombea maghufira kinu?"

Uwanja ukavunjika kwa kicheko, na mimi nilitamani kweli niwe ndimi niliyefunikwa. Shehe peke yake hakucheka. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya, Shehe." Na kwa kuwa aibu ilikwisha kujaa na haikuwa na pa kuzidi, nikaeleza yote, mwenye nyumba na magunia yake, Bi Zuwena na sharti lake, na kwamba mama amekaa Jadida ananingojea na karani naye yuko njiani na kitanda chake. Kicheko kikazimika. Mmoja akasema yeye watoto wake wanalala jikoni. Mwingine akasema chumba chake kodi imepandishwa tena jana. Wote wakamgeukia bwana mkubwa, naye yuko pale kanzu yake ina vumbi begani.

"Bwana," akasema Mzee Hamadi, "tulipokuletea jambo hili ulituambia linaangaliwa. Leo umelibeba. Zito au jepesi?"

Bwana mkubwa akalipangusa bega lake. "Zito, Mzee Hamadi."

"Basi waandikie wakubwa wako Unguja kwamba ni zito."

Adhana ya adhuhuri ikaanza, na sala haingoji chumba. Nilisali, Mungu anisamehe, mwili uko msikitini na moyo uko Jadida. Tulipotoa salamu Shehe akasema, "Vifunikeni vyombo vya mama huyu, si vya kutazamwa na mji mzima. Mpelekeeni kwake." Akatangulia mbele mwenyewe, watu wakanyanyua, wakaenda mbio, na mimi tena sikupata pa kushika.

Jadida karani alikuwa amekwisha kufika. Kitanda chake kikubwa cha besera, chenye nguzo nne, kilikuwa mlangoni, wachukuzi wake wanakipindua hivi na hivi kwa sababu mguu mmoja umekwama, na mama yuko kando na kuku wake anasema, "Mwanangu anakuja, mwanangu yuko njiani." Mara wakatuona tunatokeza, Shehe mbele, umati nyuma, kitanda juu ya mabega na pazia la kijani juu yake. Karani ni mtoto aliyelelewa. Aliwaambia wachukuzi wake, "Wekeni kando, pisheni," wakakitoa mlangoni, naye akasimama kiambazani ameinamisha kichwa.

Na mama akatazama waliobeba, uso mmoja mmoja, akinitafuta. Mimi ni mfupi na niko nyuma. Asubuhi kanituma kitanda, na kitanda hicho kinakuja na Shehe.

Kuku akamtoka mkononi. Sauti aliyoitoa sijapata kuisikia tangu nizaliwe, wala sitaki kuisikia tena. "Sikitaki chumba! Nirudishieni mwanangu, chumba sikitaki!"

Ndipo ulimi wangu, uliokuwa umeganda tangu kwa Mzee Hamadi, ukafunguka. Nilipiga ukelele juu ya vichwa vya watu, "Mama! Mimi mzima! Ni vyombo, mama, ni vyombo tu!" Jadida nzima ilinisikia. Wakanifanyia njia, mama akanijia, akanizaba kibao mpaka kofia ikaruka, kisha akanishika akanikumbatia mbele za watu wote, na mimi sikuona haya hata kidogo.

Huku nyuma waliobeba hawakusimama, ndiyo mazoea yao. Wakapita mbele ya karani wakaingia moja kwa moja, wakakitua chumbani.

"Kitanda kimeingia," akasema Bi Zuwena.

Karani akainua kichwa. Alipofahamu hakukasirika, na heri angalikasirika. Alisema tu, "Bibi, mimi nilipisha maiti."

Hakuna aliyecheka. Bi Zuwena akatazama chini. Mama akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Hutalala njiani, mwanangu. Mguu ukikwama mlango huu, mlango wa ukumbini ni mpana, utapita." Na kweli ukapita, na mpaka leo mama analala chumbani, na mimi na karani tunalala ukumbini juu ya besera yake, kwa sababu ni kubwa.

Kodi ingali inapanda. Tunasikia barua imekwenda Unguja, ya kurudi hatujaisikia. Nami nimeweka nadhiri kwamba mtu akinitendea wema nisiostahiki nitasema papo hapo, hata kama sauti itatoka kama ya mbu, nitaitoa mara mbili.

Lakini limebaki moja linaloniondolea usingizi. Karani anasema chumba ni changu, kitanda changu ndicho kilichoingia. Mama anasema ni cha karani, maana alikuwa mlangoni na alipisha kwa heshima ya maiti asiyekuwapo. Bi Zuwena anasema tusimwingize tena. Basi nyinyi mnaosoma, wazee kwa vijana, niandikieni mnavyoona, chumba hiki ni haki ya nani? Jawabu zenu tutazisoma pamoja, mimi na yeye, na litakaloonekana ndiyo haki tutalifuata, tumeshapeana mkono. Ila msifanye haraka sana. Mama ameanza kumpikia chapati mbili kila asubuhi, na mimi, nisiwafiche, nimeshazoea kuwa na ndugu.