Mbuzi wa Pole

Mashudu ya alizeti yakipata moto hunuka kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, na upande wetu wa Kongwa harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha kabla ya jogoo. Baba alirudi nayo nyumbani kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye Biblia yake. Alikuwa akilisha mbegu kwenye mashine ya kukamua mafuta, katika kiwanda kilichokuwa cha umma, kisha kikauzwa kwa tajiri tuliyemjua kwa vumbi la gari lake tu. Soko huria, bwana, lilifika kwetu kabla ya umeme. Jambo la kwanza tajiri aliloamuru ni kung'olewa kwa kifuniko cha chuma kilichokinga meno ya mashine, eti kinachelewesha mbegu. Mashine ikawa inakula haraka. Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tatu, ikala mkono wa kulia wa baba hadi juu ya kifundo.

Mkono wa kulia si kiungo tu. Ndio unaokula, ndio unaosalimia. Baba akaanza kumega ugali kwa kushoto, ametugeuzia mgongo kama mwizi wa mboga, na kula kwa watu akaacha kabisa. Afisa kazi alimwambia wazi kwamba aliyeumia kazini hulipwa fidia, wala si hisani ya tajiri, ni sheria; arudi Jumatatu na msimamizi wake. Mama akaanza kupanga: maksai wawili na jembe la kukokotwa, maana mkono mmoja hauinui jembe. Njaa yetu ya mwaka ule na ya miaka yote iliyofuata ilikuwa inaingojea hiyo Jumatatu, nasi tuliingojea pia.

Jumamosi, msimamizi mwenyewe, Mzee Chitema, akaja akimvuta beberu mweusi. Alikuwa mtu wetu, tukisali kanisa moja. Alisema amekuja kumpa baba pole. Mama akamvuta baba jikoni, nami masikio yangu yana mila yake, yakafuata.

"Pole huja na mchele," mama alinong'ona. "Mbuzi huja na maneno."

Baba akajibu kuwa mgeni mwenye mbuzi hafukuzwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa elewa: kwetu, waliokosana wakichinja na kula pamoja mbele ya wazee, neno limezikwa, hakuna wa kulifukua. Baba aliijua mila hiyo kuliko Chitema. Ila yeye hakuona kwamba amekosana na mtu. Aliona ameumia tu, na mwenzake amekuja kumwonea huruma. Wazee wawili wa jirani wakaitwa. Chitema alimkatia baba nyama vipande vidogo vidogo, akamsogezea. Baba alitokwa na machozi kwa wema ule. Mimi nilitokwa na mate.

Ya Jumatatu aliyashuhudia mama, na ametusimulia mara nyingi mpaka naweza kuigiza sauti zote. Chitema alifika ofisini na wazee wale wale wawili, akasema mambo yameshaisha kimila. Wazee wakatazama viatu vyao, wakakiri walikula.

"Na wewe ulikula?" afisa akamuuliza baba.

Mama akamkanyaga mguu. Lakini baba hajui kuongopa, ugonjwa usio na dawa.

"Nilikula, mheshimiwa, lakini..."

"Basi ulikula."

Afisa akasema serikali haiwezi kufukua walichozika wenyewe. Akatoka, akapanda gari la tajiri lililokuwa likimngoja nje. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wa baba haukuwepo hata wa kulamba.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi mwalimu wa uraia alitufundisha kuwa haki ya fidia haifutwi na maneno ya mdomo. Nikauliza yule afisa alisoma shule gani. Darasa likaangua kicheko, nikatolewa nje kumwagilia miti, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuwa natania. Kiwandani kifuniko hakijarudi. Wamebandika bango la Usalama Kwanza. Mama ndiye anayechimba mashimo shambani, na baba anamfuata nyuma akifukia mbegu kwa mguu.

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, Chitema alimwambia baba kwamba nikifeli nisihangaike, nafasi ya kulisha mashine ipo. Kisha akanigeukia, akangoja shikamoo yangu.

"Mwamkie mzee," baba alisema.

Mimi mropokaji, ninayewaamkia hata wazee waliolala, nilimtazama Chitema machoni nikafunga mdomo. Nilingoja kofi. Baba akatazama barabara, kisha akasema twende, mama yako anangoja. Tukaondoka. Baba naye hakumuaga Chitema.