Rangi Nyekundu ya Bi Rudia

Maabara nzima ilimwita Bi Rudia, na mwenyewe hakuona tusi. Ukimletea jibu zuri, rudia. Ukimletea baya, rudia. Wenzake walidai hata siku ya ndoa yake atamtaka bwana harusi aseme "ndiyo" upya, na papo hapo. Alipousikia utani huo alicheka mpaka machozi, kisha akaagiza dawa ya asubuhi ipimwe tena kwenye mizani.

Kazi yake ilikuwa seli za kinga, hasa vipokezi vilivyomo ndani yake, vile vinavyosubiri homoni iingie ndipo viamue jeni ipi iwake na ipi izimwe. Hakuipenda kazi hiyo kwa sababu ya sifa. Kinga ya mdogo wake wa kike, waliyeishi naye nyumba moja, ilikuwa imemgeukia mwenyewe, ikamshika viungo na sasa figo. Vidonge vya kuituliza vilimweka hai, lakini vilimvimbisha uso hata akaacha kupiga picha.

Kwa hiyo dawa yao mpya ilipozituliza seli zenye fujo, hakuna aliyefurahi kumshinda yeye. Profesa, mkuu wa maabara, alimwahidi kwamba dawa ikianza kujaribiwa kwa wagonjwa, mdogo wake atakuwa wa kwanza, na vile vidonge atavitupa. Ilibaki sahihi ya Bi Rudia tu kwenye ripoti, maana seli alizikuza yeye.

Bi Rudia, kama kawaida yake, akarudia. Maji ya kulishia seli huwa na rangi nyekundu. Yakigeuka manjano unajua yamechacha. Watu wameizoea rangi hiyo kiasi kwamba hawaioni tena. Siku hiyo mekundu yalikuwa yamekwisha stoo, akatumia yasiyo na rangi. Seli zikaendelea na fujo zao kana kwamba dawa haikuwahi kuwekwa. Akarudia, ikawa vilevile. Rangi ile ilifanana na homoni ya kike kiasi cha kuingia kwenye kipokezi na kukiamsha. Dawa yao ilikuwa imeidandia rangi hiyo tu; peke yake haikufanya kitu.

"Mwilini kuna homoni ya kweli," Profesa alisema ofisini kwake, bila kumkaribisha kiti. "Itafanya kazi ya hiyo rangi."

"Nimejaribu na homoni ya kweli, Profesa. Dawa haikufua dafu."

"Dokta, mdogo wako anaumwa. Weka sahihi."

Hapo damu ilimchemka. Kumtaja mgonjwa wake ili aandike uongo!

"Anaumwa, ndiyo maana siweki."

"Basi tutaendelea bila wewe."

"Hamwendi popote. Kamati ya maadili wana majibu yote. Nimewapelekea kabla sijapanda ngazi zako."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akamwambia aache ufunguo wa maabara. Bi Rudia aliubwaga mezani kwa kishindo, akatoka bila kufunga mlango. Wenzake kwenye korido waliinamisha vichwa. Yeye alipita kifua mbele.

Nyumbani alimkuta mdogo wake anapiga pasi. Alimweleza yote akiwa amesimama, pasipo kuzunguka.

"Kwa hiyo dawa hakuna," mdogo wake alisema.

"Hakuna."

"Na kazi huna."

"Sina."

"Si ungeniacha nijaribu, dada! Mwili si wangu?"

"Ungeacha vidonge vinavyokuweka hai, unywe kitu kisichofanya kitu. Figo zingekwisha."

"Zingekwisha nikiwa na sura yangu! Wewe hujui kuwa hivi. Hujui!" Aliichomoa pasi, akaketi chini, akalia kwa sauti. "Sikusamehe, dada. Nakwambia kweli, sikusamehe."

Bi Rudia hakumbembeleza. Maneno yale yalimchoma, naye akayaacha yachome. Alikwenda jikoni, akaja na glasi ya maji na vidonge vya jioni kwenye kiganja, akachuchumaa mbele yake.

"Vimeze," alisema. "Halafu unichukie. Unichukie mpaka uzeeke."